Forodha ya Angani

Watu wa Busia na Malaba tunajua jambo moja kuhusu kanuni: ikiwekwa leo, kesho kuna mtu keshapata njia ya pembeni. Kwani boda boda ilitoka wapi? Kituo cha Kenya kiko huku, cha Uganda kiko kule, na katikati kuna mwendo wa kumchosha mwenye mzigo. Vijana wa baiskeli wakaona kazi hapo. Leo jina la mpaka ni jina la usafiri Afrika Mashariki nzima.

Ndiyo maana nilipoanza kusoma historia ya mashindano ya glaida za rimoti, vile vindege visivyo na injini ambavyo rubani huviongoza akiwa amesimama chini, nilijiona niko nyumbani. Ni historia ya ujanja na kanuni zikifukuzana.

Mchezo huu uko chini ya FAI, shirikisho la michezo ya anga lililoundwa Paris mwaka 1905. Mashindano ya kwanza ya dunia ya daraja la F3B yalifanyika Afrika Kusini mwaka 1977. Hebu tafakari. Soweto ilikuwa imewaka mwaka mmoja tu nyuma. Kenya ilikuwa imesusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilicheza raga na makaburu. Huku kwetu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na kahawa ya magendo ilivuka kutoka Uganda ya Amin. Mchezo ulifika barani mwetu, lakini ulitua kwenye nchi iliyomtenga Mwafrika katika ardhi yake mwenyewe.

Glaida ya F3B huvutwa juu kwa kamba, kama tiara. Hapo ndipo pesa iliingia. Mwenye winchi kali alipanda juu kuliko wenzake, hadi kanuni zikaweka kikomo cha nguvu za mota. Daraja la F3J likasema hakuna winchi kabisa: kamba ya mita 150 ivutwe na watu wanaokimbia. Sawa, basi timu itafute wakimbiaji wenye misuli! Baadaye ikaja F5J. Hii ina mota ndogo ya umeme, inaruhusiwa sekunde 30 tu, na ndani ya ndege kuna kifaa cha kupima kimo. Kila mita hadi 200 inakukata nusu pointi. Zaidi ya hapo, kila mita ni pointi 3. Ukitaka urefu, lipa. Hiyo ni forodha ya angani, bana.

Lakini kanuni ninayoipenda zaidi ni ya kuhesabu pointi. Hewa ya saa tatu asubuhi si hewa ya saa saba mchana. Asubuhi imelala, mchana lami na mabati vimechemka, hewa moto inapanda, na anayeikuta anapaa bila jasho. Kwa hiyo marubani hugawanywa katika makundi yanayoruka kwa wakati mmoja. Bora wa kundi anapata pointi 1,000, wengine wanapimwa kwake. Hakuna kulinganishwa na mtu aliyepewa hewa nyingine.

Sasa fikiria mitihani ya taifa ingesahihishwa hivyo. Au mikopo. Au kazi. Sisi wa mpakani hupimwa na watu walioruka saa saba.

Kuingia mchezoni si ndoto. Daraja la F3K linataka glaida yenye mabawa yasiyozidi mita 1.5 na uzito usiozidi gramu 600, irushwe kwa mkono. Uwanja wa shule unatosha. Sheria ya nchi nayo ipo: kanuni za mwaka 2020 za vyombo visivyo na rubani ndani yake zimeweka kikomo cha futi 400, na KCAA ndiyo inayosimamia.

Na mpaka wenyewe? Hadi 1902, Uganda ya wakoloni ilifika Naivasha. Kisha wakubwa wakasogeza mstari, na Wateso na Wasamia wakajikuta nchi mbili. Mwewe anayezunguka juu ya foleni ya malori Malaba hakuambiwa. Rubani wa glaida humtazama huyo mwewe ili ajue hewa inapanda wapi, lakini yeye ana mpaka wa kuheshimu. Kanuni hatuziogopi, tumezaliwa nazo. Tunachotaka ni kuwekwa kwenye kundi moja na wenzetu, saa moja, hewa moja, halafu tuhesabiwe.