Wapenzi Wanaoikimbia Sheria: Filamu, Sungusungu na Adhabu ya Kutengwa

Filamu za wapenzi waliogeuka wahalifu zina msuko unaojulikana: wawili wanapendana, wanavunja sheria, wanatoroka pamoja, na mahali pa kujificha panazidi kupungua. Chanzo kinachotajwa kila mara ni Bonnie Parker na Clyde Barrow, waliouawa kwa risasi za polisi Louisiana tarehe 23 Mei 1934, na filamu ya Arthur Penn ya 1967 kuhusu wao. Ndipo husemwa kwamba hadithi ya namna hii ni ya Marekani na haina mizizi Afrika Mashariki. Hoja hiyo ni dhaifu. Inatazama bastola na magari, inamsahau anayekimbia.

Filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, inatokana na riwaya ya Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa. Denge anasakwa na polisi wa mkoloni kwa sababu ya siasa. Hakuna benki inayoporwa. Yasmin anakataliwa na jamaa zake kabla hajakosana na serikali, na kukataliwa huko ndiko kunakomsogeza kwa Denge.

Kukataliwa na watu kabla ya kufikishwa mahakamani ni jambo ambalo mkoa wa Shinyanga, Tanzania, unalijua vizuri. Mwaka 1976, msako wa watuhumiwa wa mauaji ya kishirikina Mwanza na Shinyanga uliishia kwa watu kufia mikononi mwa vyombo vya dola, na mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi akajiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani. Baada ya vita vya Kagera silaha zilizagaa, ng'ombe wakaporwa, na polisi walikuwa wameshapoteza imani ya wananchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Kahama, mkoani Shinyanga, wakajilinda wenyewe kwa sungusungu, yaani vikundi vya ulinzi vya wanavijiji. Yowe likipigwa, wanaume walitoka na pinde na mishale kufuata nyayo za mifugo. Aliyebaki ndani alitozwa faini. Hasira yao ilikuwa ya haki, na Nyerere aliwaunga mkono. Mwaka 1989 sheria ikawatambua.

Lakini wanaowasifu sungusungu kama demokrasia ya asili huipita haraka adhabu yao iliyoogopwa kuliko zote: kutengwa. Aliyetengwa hakusalimiwa, hakupewa moto wala maji, na aliyezungumza naye aliadhibiwa. Wanawake wazee walioitwa wachawi walijikuta wametengwa bila ushahidi wowote. Adhabu ya aina hii haiwezi kuishia kwa mtu mmoja. Anayempenda aliyetengwa hana budi kuchagua: amwache, au ahame naye. Hapo ndipo wawili wanapokuwa wakosaji pamoja, hata kama mmoja wao hajaiba chochote.

Kwenye ukanda wa dhahabu wa eneo hilo hilo, mkosaji hakuzaliwa kwa kutengwa bali kwa leseni. Bulyanhulu, wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996 kupisha kampuni, na duara, yaani shimo la uchimbaji, lililomlisha mtu jana likamfanya mvamizi leo. Geita, hata magwangala, mawe ya taka ya mgodi, yamekuwa chanzo cha mivutano.

Hadithi hizi hazikuingia kwenye filamu: hata mwigizaji Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984, alipata umaarufu Dar es Salaam. Filamu za Bongo za wakati wake zilipendelea sebule za matajiri, usaliti na mapenzi ya mjini, huku Kahama na Geita zikibaki mbali na kamera.