Nasaba ya Bunduki ya Kigeni

Katika minada ya silaha za kale huko Marekani huonekana jambo ambalo mgeni wa biashara hiyo hulistaajabia: bunduki mbili zilizotoka katika karakana moja, zenye umbo moja na umri mmoja, huwekwa mezani bega kwa bega, na moja ikauzwa kwa bei maradufu ya mwenziwe. Jibu linalotangulia vinywani mwa watu ni uadimu. Nami sina nia ya kulikanusha kabisa, walakini nadai kwamba uadimu huipandisha bei tu, na kwamba kinachoizuia bei hiyo isishuke ni nasaba, yaani ule ushahidi ulioandikwa juu ya chuma na mti wa bunduki, unaoeleza ilitoka wapi na ikapita mikononi mwa nani.

Uadimu wenyewe aghalabu ni kazi ya sheria. Mwaka 1968 Marekani ilizuia kuingizwa kwa bunduki za ziada za majeshi ya kigeni. Mwaka 1984 zikaruhusiwa zile zinazohesabiwa kuwa tunu za kale. Kisha mwaka 1989, baada ya watoto wa skuli kuuawa huko Stockton, California, serikali ya George H. W. Bush ikapiga marufuku kuingizwa kwa aina 43 za bunduki zenye sura ya kijeshi. Miongoni mwazo ilikuwamo HK91 ya Ujerumani, na zile zilizokwisha kuvuka forodha zikabaki idadi isiyoongezeka. Baadaye Wamarekani waliunda za kuigiza umbo lilelile, nazo zapiga shabaha vyema, lakini hazijapata kufikia bei ya zile zenye chapa ya Oberndorf, mji wa Ujerumani zilikoundwa. Na lau kama mnunuzi angekuwa akitafuta chombo cha kupigia tu, tofauti hiyo isingekuwa na maana.

Tazama Mosin-Nagant ya Urusi, iliyopokewa jeshini mwaka 1891 na kuundwa kwa makumi ya mamilioni. Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya dola 100, ikitolewa makashani imepakwa mafuta mazito mfano wa samli iliyoganda, wala hapakuwa na aliyeiona kuwa tunu. Ilhali bunduki hiyohiyo, ikiwa iliangukia mikononi mwa Wafini na kupigwa muhuri wa herufi SA wa jeshi lao, ilikuwa na wateja wake wa kuing'ang'ania, madhali herufi mbili hizo zimebeba habari ya vita vizima.

Walio wapole zaidi hupenda K31 ya Uswisi. Ukilegeza skurubu mbili za bamba la nyuma ya kitako, mara nyingi utakuta kikaratasi kilichokunjwa, chenye jina la askari aliyekabidhiwa, mwaka wake wa kuzaliwa na kikosi chake. Ufundi wake ni wa hali ya juu, na bado kwa miaka mingi iliuzwa rahisi. Basi wanaosema kwamba ubora peke yake ndio thamani sharti watueleze miaka hiyo ilikwendaje.

Kuna kichekesho hapa ambacho sijaona kikitajwa inavyostahili. Sheria humlazimu mwagizaji achore jina lake juu ya bunduki anayoiingiza, na chapa hiyo, iliyo ithibati ya uhalali, ndiyo inayoishusha hadhi machoni pa wakusanyaji, kwa kuwa yaonyesha kwamba bunduki iliingia kwa shehena. Iliyorudi katika mfuko wa askari, pamoja na hati ya mkuu wake ya kumruhusu kuichukua, ndiyo inayogombewa. Omani mambo ni mengine: Martini-Henry za Kiingereza, zilizomiminika kwa njia ya Maskati mwishoni mwa karne ya 19, huvishwa pete za fedha, na pambo hilo, ambalo mkusanyaji wa Marekani angeliita uharibifu, kwao ni sehemu ya nasaba.

Adui mkubwa wa thamani, kwa hivyo, si kutu peke yake, bali pia fundi mwenye nia njema na msasa wake. Arisaka za Japani zilichorwa ua la krisantemu lenye petali 16, alama ya mfalme wao, na nyingi, zilipokuwa zikisalimishwa mwaka 1945, zilisagwa ua hilo ili silaha yenye alama ya mfalme isiingie mikononi mwa adui. Zilizosalimika na ua zima huuzwa ghali zaidi. Wako mafundi wanaolichora ua upya kwa ustadi wa kupendeza, na mnunuzi mjuzi, akishaligundua, huilipia bunduki hiyo pungufu ya ile iliyoachwa na kovu lake.