Fanani na Mashine: Usimulizi wa Filamu katika Mitaa ya Viwanda, Nairobi

Wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kuitaja sinema kama adui wa hadithi: picha ziliingia, bibi akanyamaza. Dai hilo halithibitiki likipimwa kwa historia ya mitaa inayopakana na Eneo la Viwanda la Nairobi. Humo mashine yenyewe ndiyo iliyomrudisha fanani kazini, kisha ikambana.

Chanzo ni cha zamani. Mwaka 1935 L. A. Notcutt na G. C. Latham walianza huko Vugiri, Tanganyika, jaribio la filamu za mafunzo, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Jaribio lilidumu hadi 1937. Picha zilikuwa katika ukanda wa milimita 16 na sauti katika santuri, mbali na picha. Kwa njia hiyo picha zile zile ziliweza kuvishwa Kiswahili leo na lugha nyingine kesho. Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa Uingereza mwaka 1939, kilitumia pia mtu hai: mfasiri alisimama kando ya gari la sinema, kipaza sauti mkononi, akafafanua. William Sellers wa kitengo hicho alishikilia kwamba Mwafrika alihitaji picha za polepole zisizorukaruka. Hiyo ilikuwa dharau tupu; walakini upole huo wa picha ulimwachia mfasiri nafasi ya kusema. Alichosema, bila shaka, kilikuwa cha serikali.

Kaseti za VHS, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1976, ziliondoa kibali hicho. Deki na televisheni viliweza kukaa katika kibanda cha mabati, na vibanda vya namna hiyo vikaenea Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, ambako wafanyakazi wa viwanda vya Barabara ya Lunga Lunga walipumzika baada ya zamu. Filamu zilitoka Hong Kong, Bombay na Hollywood. Lugha zake nyingi hazikueleweka kwa hadhira, basi mtu akashika kipaza sauti. Uganda wasimulizi wa aina hii walitumia Kiganda. Nairobi, ambako benchi moja liliketiwa na watu wa makabila mengi, ilibidi kitumike Kiswahili, tena chenye Sheng ndani yake. Shujaa aliitwa stelingi, neno lililotoholewa kutoka matangazo ya Kiingereza yaliyotaja waigizaji wakuu, na ikawa kanuni inayojulikana na kila mtoto kwamba stelingi hafi.

Yafaa kukumbuka kwamba huko Japani msimulizi wa sinema bubu, benshi, aliangamizwa na ujio wa sauti katika miaka ya 1930. Mukuru mambo yalikuwa kinyume: sauti ngeni ndiyo iliyomzaa msimulizi. Hakutafsiri neno kwa neno. Alibuni ukoo wa adui, akamtania shujaa kwa jina la mtaani, na hadhira ikimjibu aliweza kusimamisha kaseti hadi kicheko kiishe.

Hapo ndipo mashine ilipomgeukia. Katika miaka ya 2000 sauti ya DJ Afro wa Nairobi, kama ya Derek Mukandala, yaani Lufufu, wa Dar es Salaam, iliunganishwa na picha na kuuzwa. Jina likavuka mitaa na mipaka. Lakini msimulizi wa diski hukimbizana na filamu isiyomngoja. Vitendo vikiwa vya haraka huna budi kusikia sentensi zake zikikatika. Hadhira yake ni ya kuwaziwa. Anauliza maswali, kisha huyajibu mwenyewe.

Simu imewatenganisha hata watazamaji. Diski na faili za wasimulizi mashuhuri zimebaki, na mtafiti aweza kuzinukuu. Usimulizi wa vibandani haukurekodiwa aghalabu, na kaseti ni kitu cha kufutwa ili irekodiwe nyingine. Kwa hiyo wanafunzi wa fasihi simulizi huchambua kile chenye upungufu wa hadhira na kukiita utendaji, ilhali waliokaa kwenye benchi zile bado wako Mukuru, na wengi hawajaulizwa.