Nahodha wa Königsberg na Waliobeba Mizinga Yake

Mkazi wa Singida ana haki ya kuuliza: bahari ina uhusiano gani nasi? Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 700. Lakini ipo tarjama ya baharia mmoja wa Kijerumani ambayo, ikisomwa mpaka mwisho, inapita katika ardhi yetu na kuacha deni.

Baharia huyo ni Max Looff, aliyezaliwa mwaka 1874 na kufariki mwaka 1954. Mwezi Aprili 1914 alikabidhiwa manowari Königsberg, yenye mizinga kumi ya sentimita 10.5 na mabaharia zaidi ya 300. Mwezi Juni akatia nanga Dar es Salaam, na wenyeji wakaiita "manowari na bomba tatu" kwa ajili ya dohani zake.

Vita vilipokaribia, tarehe 31 Julai, Looff aliitoa meli yake bandarini ili isije ikazuiwa humo. Tarehe 6 Agosti, katika bahari ya Omani, aliikamata meli ya biashara ya Kiingereza, City of Winchester, iliyokuwa imepakia chai. Kisha alfajiri ya tarehe 20 Septemba aliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imesimama Unguja ikitengeneza mitambo yake. Mizinga ya Pegasus haikuweza kumfikia. Watu wake 38 walikufa, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji.

Ushindi huo haukumpa raha. Mitambo iliharibika, na makaa ya mawe yalikuwa haba, hivyo akajificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji. Hapo ndipo wapagazi wanapoingia katika habari yake. Sehemu nzito za mitambo zilifunguliwa, zikaburutwa kwa nguvu za watu kwa njia ya nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, zikatengenezwa, kisha zikarudishwa kwa njia ile ile.

Tarehe 30 Oktoba 1914 Waingereza waligundua maficho yake, wakaziba njia za kutokea baharini. Mwezi Julai 1915 walileta meli mbili zinazoweza kupita maji machache, Severn na Mersey, huku ndege zikiwaelekeza wapigaji mizinga. Shambulio la tarehe 6 halikufaulu, lakini la tarehe 11 lilifaulu. Looff alijeruhiwa, na akaamuru meli yake ilipuliwe isije ikatekwa.

Wengi huishia hapo. Lakini mizinga yote kumi iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezwa ili itumike nchi kavu. Mmoja ulipelekwa Kigoma kwa Reli ya Kati, ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen, ile iliyokuja kuitwa Liemba mwaka 1927. Reli hiyo hupita Manyoni na Itigi. Kwa hiyo mzinga wa baharini ulipita katika mkoa wetu. Mwezi Mei 1916 mizinga ya Königsberg ilisikika Kondoa, kwa jirani zetu. Looff mwenyewe aliwekwa kuusimamia ulinzi wa Dar es Salaam, kisha akapigana kusini na Wareno huko Newala, mpaka alipoangukia mikononi mwa Waingereza mwezi Novemba 1917.

Sasa tuangalie vita hivyo vilifanya nini kwetu. Tarehe 29 Julai 1916 Waingereza waliingia Dodoma, na muda mfupi baadaye Kilimatinde na Singida. Majeshi yote mawili yalihitaji nafaka, ng'ombe na mabega ya kubebea mizigo, na yote mawili yalivichukua kwa wenyeji. Vijana walipoondolewa mashambani na maghala yakabaki matupu, mvua nayo ikakosekana. Ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Inakadiriwa kuwa katika Ugogo, ambayo upande wake wa magharibi ni Manyoni yetu, walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Ama wapagazi, watafiti wanakadiria kuwa waliokufa katika utumishi wa Waingereza peke yao walipita 95,000.

Wanachuoni wa fiqhi wanayo kanuni inayoitwa al-ghurmu bil-ghunmi, yaani mwenye kupata faida ya jambo ndiye abebaye hasara yake. Wanaitumia katika ushirika, rehani na mali ya amana. Mwanahistoria naye anaweza kuitumia kama mizani. Faida ya habari hii ilikwenda wapi? Looff alipanda mpaka cheo cha uamirali, akaandika kitabu juu ya vita vyake. Mizinga yake imehifadhiwa kama kumbukumbu, mmoja Pretoria na mwingine Ngome ya Yesu, Mombasa. Na hasara ilikwenda wapi? Ilikwenda kwa watu ambao wengi wao hawakupata kuiona bahari, na ambao majina yao hayakuandikwa juu ya jiwe lolote.

Huenda mtu akasema: nahodha hakuleta ukame, wala si yeye aliyepanga vita vya nchi kavu. Ni kweli, na uadilifu unatutaka tukiri hivyo. Tena Waingereza waliomshinda walitwaa watu na chakula vile vile. Lakini kanuni hii haiulizi nia ya mtu mmoja. Inauliza mzigo ulimwangukia nani. Mwenye kuandika tarjama ya Looff akaishia Rufiji, ameandika faida akaacha hasara, na hesabu ya namna hiyo hakimu hawezi kuipokea.

Katika mila za huku mtoto hupewa jina kwa tukio la mwaka aliozaliwa, na koo nyingi bado zinaweza kumtaja babu aliyechukuliwa upagazi asirudi. Basi mwenye mzee nyumbani na amuulize leo, aandike jina, kijiji na njia aliyopelekwa. Nahodha tayari ana kitabu chake. Wapagazi wake hawana, na wanaokumbuka majina yao wanapungua kila mwaka.

Wallahu aalam.