Historia ya Bajia na Somo Lake kwa Wafasiri

Yako maneno ambayo mfasiri huyapita bila kusimama, kwa kuwa yamezoeleka mno. Neno bajia ni mojawapo. Hulikuta kwenye sahani ya futari, kwenye beseni la muuzaji wa kando ya barabara na kwenye meza ya chai ya ofisini. Hata hivyo, tulipoletewa rasimu ya kijitabu cha mafunzo ya upishi ili tuihakiki, neno hili lilitusimamisha kutwa nzima. Rasimu iliagiza kwamba unga wa dengu uchanganywe na maji, vipande vya viazi vichovywe humo, kisha vichomwe. Maneno yote yalikuwa ya Kiswahili, tena fasaha. Lakini wasomaji watatu wakaelewa mapishi matatu. Mmoja alidhani dengu ni choroko. Wa pili alidhani kuchoma ni kuweka juu ya makaa. Wa tatu, mzaliwa wa pwani, hakuona tatizo lolote.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea. Hoja yetu ni kwamba neno la chakula halisanifiwi kwa kuangalia herufi zake peke yake. Hapana budi kuifuata historia ya kitu chenyewe mpaka jikoni.

Neno bajia limetoka katika lugha za India, hasa Kigujarati, ambamo husemwa bhajiya. Asili yake inahusiana na kitenzi cha kale chenye maana ya kukaanga. Kiswahili hakina sauti ya b yenye mpumuo iliyomo katika Kigujarati, kwa hiyo bh ikawa b ya kawaida. Leo husikika bajia na bagia, na nchini Kenya baadhi ya wenye mikahawa bado huandika bhajia kwenye mabango yao. Kisarufi neno limejiunga na ngeli ya I-ZI bila taabu: bajia hii, bajia hizi.

Uhusiano wa Gujarat na upande wetu wa bahari ni wa kale. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, kilichoandikwa kwa Kiyunani, kinataja ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta na nguo zilizotoka Barygaza, yaani Bharuch ya leo, kuja katika bandari za Pembe ya Afrika. Biashara hiyo iliendelea kwa karne nyingi kwa pepo za kaskazi na kusi. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 na 1840, wafanyabiashara kutoka Kutch na Gujarat waliongezeka sana mjini humo. Baadaye, kati ya mwaka 1896 na 1901, ujenzi wa reli kutoka Mombasa uliwaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Wengi wao walirudi kwao, lakini wenye maduka walioifuata njia hiyo walifika hadi miji midogo ya bara. Palipofunguliwa duka, unga wa dengu ulipata njia ya kufika.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba bajia ilifika ikiwa imekamilika na sisi tukaipokea tu. Pilipili iliyomo ndani yake, pamoja na viazi, asili yake ni Amerika. Vyote viwili vilifika India baada ya Wareno kufungua njia yao ya bahari mwaka 1498. Huko Gujarat bhajiya hupikwa hasa wakati wa mvua, kwa viazi, vitunguu, pilipili mbichi au majani ya uwatu. Mwambao wetu uliongeza mchango wake: bajia za kunde. Kunde ni zao la asili ya Afrika. Hivyo katika bajia ya kunde, jina ni la ng'ambo na zao ni la kwetu, na hakuna mlaji anayeuona mshono.

Baada ya hapo kila mahali pakafuata njia yake. Kenya, anayeagiza bajia aghalabu huletewa vipande vya viazi vilivyovikwa unga wa dengu. Tanzania, mara nyingi huletewa vidonge vya kunde au vya dengu, na Unguja vidonge hivyo hutiwa ndani ya urojo. Kachori nayo imehama: India ni gamba la unga wa ngano lililojazwa mikunde yenye viungo; kwetu ni tonge la viazi vilivyopondwa na kuchovywa katika rojo. Mfasiri anayehamisha jina bila kuuliza linatumika wapi, huhamisha chakula kingine.

Tatizo la dengu ni kubwa zaidi. Tanzania, dengu ni zao lile linalolimwa kwenye udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga na Mwanza, ambalo sehemu yake kubwa huuzwa India. Kenya, watu wengi wa bara wasemapo ndengu hukusudia zile punje ndogo za kijani ambazo Mtanzania huziita choroko na mtu wa Mombasa huziita pojo. Kwa mpishi, na zaidi kwa afisa anayeandika lebo ya bidhaa au hati ya forodha, tofauti hii si ya mchezo.

Tukaona heri kuyapima maneno yetu kwa kazi yenyewe. Kwa vikombe viwili vya unga wa dengu uliochekechwa, tia chumvi, pilipili, giligilani, bizari nyembamba na vijiko viwili vya unga wa mchele. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga, hadi mchanganyiko uweze kuganda juu ya kijiko bila kudondoka wote. Kata viazi vyembamba mfano wa sarafu, vikaushe kwa kitambaa, vichovye, kisha vitie katika mafuta mengi yaliyopata moto ndani ya karai. Tone la kujaribia likizama na kukaa chini, mafuta bado. Likipanda upesi huku likitoa povu, yako tayari. Usijaze karai, maana mafuta yatapoa na bajia zitayanywa. Ukiziopoa, ziweke kwenye chujio wala usizifunike, kwani mvuke wake wenyewe utazilainisha.

Kazi hiyo ilitupa majibu ambayo meza ya ofisi haikuyatoa. Mchanganyiko ule si donge, kwa kuwa haukandiki, wala si uji. Wapishi huuita rojo, na istilahi hiyo yatosha. Kukaanga peke yake hakutoshi, kwa sababu karanga nazo hukaangwa pasipo mafuta. Na kuchoma, ambako watu wa pwani hukutumia kwa maandazi na sambusa, humpoteza msomaji wa bara. Tulipendekeza kukaanga kwa mafuta mengi. Sifa ya bajia njema nayo tulishindwa kuipatia neno moja. Ukavu hautoshi, kwa maana mkate mkuukuu nao ni mkavu. Tuliandika: gamba kavu, jepesi, linalolia linapotafunwa. Maneno matano yenye kueleweka yalitufaa kuliko neno moja la kubuni ambalo hakuna mpishi angelitamka.

Kuhusu jina lenyewe, tulipendekeza bajia ndilo liandikwe, na kila mara lifuatwe na kiambato chake: bajia za kunde, bajia za dengu, bajia za viazi. Penye dengu katika maandishi ya kuvuka mipaka, rangi na umbo la punje vielezwe mara ya kwanza.

Kijitabu kile kilirekebishwa. Wasomaji wale watatu wakapewa rasimu mpya, na safari hii wote walikwenda kununua unga wa aina moja.