Tenofoviri

Tenofoviri ni dawa ya kumeza inayozuia virusi kuzaliana. Hutibu magonjwa mawili yasiyofanana: maambukizi ya virusi vya UKIMWI (VVU) na homa ya ini aina B. Kidonge chake cha kawaida, ambacho kwenye lebo huandikwa Tenofovir au TDF, kina miligramu 300 na humezwa mara moja kwa siku. Wengi wanaoimeza Afrika Mashariki hawalijui jina hilo, kwa kuwa imo ndani ya kidonge cha mseto, TLD, pamoja na lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. TLD ndiyo dawa ya kwanza wanayoanzishiwa watu wazima wengi wenye VVU tangu Kenya, Uganda na Tanzania zilipohamia kwenye dolutegraviri, kati ya 2017 na 2019.

Dawa hii ilitokana na ushirikiano wa miaka mingi kati ya Antonín Holý, mkemia wa Prague, na Erik De Clercq, daktari na mtafiti wa virusi wa Leuven, Ubelgiji. Tenofoviri tupu haifyonzwi vizuri na utumbo, hivyo iliunganishwa na kemikali ya kuibeba iitwayo disoproksili, ambayo huachana nayo ikishaingia mwilini. Marekani iliidhinisha kidonge hicho kwa VVU mwaka 2001 na kwa homa ya ini B mwaka 2008. Holý alifariki tarehe 16 Julai 2012, siku ileile Marekani ilipoidhinisha mseto wa tenofoviri na emtrisitabini kuwa kinga kwa watu wasio na VVU. Sehemu ya ushahidi wa kinga hiyo, ambayo leo huitwa PrEP, ilitoka Kenya na Uganda, kwa wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana.

Inawezekana vipi dawa moja ipige virusi viwili? VVU na virusi vya homa ya ini B vyote hupitia hatua moja ya uzazi: kunakili RNA kuwa DNA, kwa kimeng'enya chao wenyewe. Tenofoviri hujipenyeza katika mnyororo unaotengenezwa, kama shanga yenye tundu upande mmoja tu. Ikishatungwa, hakuna nyingine inayoweza kufuata. Virusi vipya havitengenezwi. Vilivyokwisha kujificha ndani ya seli haviondoki, na ndiyo maana dawa hunywewa kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yote.

Usalama wake huanza kabla ya kidonge cha kwanza, kwa vipimo viwili. Mwenye homa ya ini B asianzishiwe tenofoviri peke yake kabla ya kupimwa VVU. Kama anavyo bila kujua, dawa moja haitoshi kuvidhibiti. Vitajenga usugu, na siku atakapohitaji tiba kamili atakuta silaha muhimu imeshaharibika. Entekaviri, dawa nyingine ya homa ya ini B, ina hatari hiyohiyo. Kwa upande mwingine, mwenye VVU anatakiwa kupimwa homa ya ini B kwa kipimo cha HBsAg, ambacho kinaweza kufanywa kwa tone la damu ya kidole na majibu yakatoka kabla hajaondoka kliniki. Kipimo hiki kikirukwa, mgonjwa anatibiwa magonjwa mawili huku yeye na daktari wake wakijua moja. Siku dawa ikibadilishwa, lile lisilojulikana linabaki bila ulinzi.

Hatari kubwa kuliko zote inakuja dawa inapoachwa ghafla. Kwa mwenye homa ya ini B, virusi vilivyobaki ndani ya seli za ini huanza tena kuzaliana, kinga ya mwili inavishambulia, na ini linavimba kwa kushambuliwa huko. Hali hii inaweza kutokea wiki au miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, wakati mgonjwa ameshasahau kwamba aliacha: macho kuwa ya njano, mkojo kuwa wa rangi ya kahawia, kukosa hamu ya kula, uchovu usioisha. Ambaye ini lake lina makovu tayari anaweza kupoteza maisha. Mwaka 2011, maelfu walipomiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kilichosemwa kuponya, baadhi ya waliokuwa kwenye dawa za VVU (ARV) waliziacha wakiamini wamepona. Lakini wengi huacha kwa sababu za kawaida kabisa: nauli imekosekana, safari imerefuka, mtu anajisikia mzima, au anaogopa kuonekana akiingia kliniki ya VVU (CTC). Kwa wachache wenye homa ya ini B pekee, daktari anaweza kuisimamisha dawa, lakini huendelea kupima damu yao kwa miezi kadhaa baadaye.

Kiungo cha kuangaliwa zaidi ni figo. Tenofoviri hutoka mwilini kupitia kwenye figo, na kwa watu wachache hudhuru mirija yake midogo. Pia hupunguza kidogo uimara wa mifupa. Walio hatarini zaidi ni wenye umri mkubwa, kisukari, presha au uzito mdogo. Kreatinini hupimwa mwanzoni na kurudiwa, na uwezo wa figo kuchuja ukiwa chini ya mililita 50 kwa dakika, daktari hubadilisha dawa au kipimo chake. Mahali ambapo maabara haipo, tiba haipaswi kucheleweshwa kwa sababu hiyo. Mgonjwa wa TLD asishtuke pia akiambiwa kreatinini imepanda kidogo wiki za mwanzo: dolutegraviri huipandisha bila kuumiza figo. Kuna aina mpya, tenofoviri alafenamidi au TAF, ambayo kwa homa ya ini B hutolewa kwa miligramu 25 na ni nyepesi zaidi kwa figo na mifupa.

Katika maisha yetu ya kila siku, adui wa figo hizo yupo duka la dawa la mtaani. Mbeba mizigo anaumwa mgongo. Ananunua diklofenaki, anaimeza wiki nzima, maumivu yakirudi ananunua tena, na muuzaji hajui kwamba nyumbani ana TLD. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa kwa muda mrefu au kwa wingi pamoja na tenofoviri zinaweza kuangusha figo. Kwa maumivu ya kawaida, panadoli kwa kipimo chake ni salama zaidi. Asiyetaka kutaja ugonjwa wake kaunta anaweza kusema tu kwamba anatumia dawa inayomlazimu kulinda figo.

Anayemeza TLD ana la kuzingatia zaidi, kwa sababu ya dolutegraviri. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini huikamata tumboni isifyonzwe. TLD inywewe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo kila mjamzito hupewa kliniki, na vile vya kalsiamu hufuata utaratibu huo, au vimezwe pamoja na TLD wakati wa chakula. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini huongezewa dolutegraviri miligramu 50, saa 12 baada ya TLD. Wa kisukari anayetumia metformini hapaswi kuzidisha miligramu 1,000 kwa siku.

Saa ya kumeza ni ile ambayo mtu ataikumbuka. Anayefunga Ramadhani anaweza kumeza wakati wa futari au daku. Aliyesahau ameze mara akumbukapo, ila kama muda wa kidonge kinachofuata umekaribia aendelee nacho, bila kumeza viwili. Kugawana vidonge na mwenza kunawaachia wote wawili tiba pungufu. Wengi huhamishia vidonge kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu chupa inalia ndani ya mkoba, kisha wanatupa kile kipakiti kidogo cha kufyonza unyevu. Kwenye joto na unyevu wa pwani vidonge huharibika upesi namna hiyo. Heri kubeba dozi za siku chache tu, nyingine zibaki chupani na kipakiti chake, kifuniko kikifungwa vizuri.

Sasa zimekuja sindano za VVU za kila miezi miwili, kabotegraviri na rilpivirini, ambazo zinawapumzisha watu na kidonge cha kila siku. Sindano hizo hazifanyi lolote kwa homa ya ini B. Mwenye VVU anayeambiwa ahamie huko aulize kwanza majibu ya HBsAg yake yako wapi. Kama anayo homa hiyo, tenofoviri inabaki kuwa haki yake.