Leontyne Price Hakuingia kama Kijakazi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Rudolf Bing, mkurugenzi wa Metropolitan Opera ya New York, alimwalika soprano mmoja mzaliwa wa Mississippi aje kuimba Aida, maonyesho mawili tu. Kwa mwimbaji Mweusi wa Marekani ya siku zile, mwaliko wa jumba hilo ulikuwa wa kupokewa kwa mikono miwili. Leontyne Price akaukataa. Peter Herman Adler, aliyekuwa akiongoza opera za televisheni ya NBC, alikuwa amemshauri kwamba siku atakapokanyaga jukwaa la Met kwa mara ya kwanza, akanyage kama bibi mwenye hadhi, si kama mtumwa. Aida ni binti wa mfalme wa Habeshi, lakini katika mchezo ule yuko Misri, mateka, kijakazi wa binti wa Farao.

Wanaosimulia habari za Price hupenda kuanza na makofi aliyopigiwa. Mimi naona heri kuanza na kukataa huko, maana sauti nzuri alizaliwa nayo, bali mahali pa kuitoa ilibidi apachague mwenyewe.

Alizaliwa Laurel tarehe 10 Februari 1927. Baba yake, James, alikuwa kibarua wa kiwanda cha kupasua mbao. Mama yake, Kate, alikuwa mkunga na mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Walikuwa wamekaa katika ndoa miaka 13 bila mtoto, na alipokuja huyu hawakumnyima kitu walichoweza kukipata. Alipoonyesha kipaji tangu mdogo, gramafoni ya nyumbani ilitolewa iwe malipo ya kwanza ya piano. Akiwa na miaka 9 mama yake alimpeleka Jackson kumsikiliza mwimbaji Marian Anderson, na msichana akarudi Laurel akiwa na hakika ya anachokitaka.

Hata hivyo chuoni Ohio alianza kwa kusomea ualimu wa muziki, kazi ambayo binti Mweusi wa Kusini angeweza kuitegemea. Waliomsikia ndio waliomsukuma kwenye uimbaji. Mwimbaji Paul Robeson alifanya onyesho la kumchangia fedha za masomo, na familia moja tajiri ya Kizungu ya Laurel, ambako jamaa yake alikuwa akifanya kazi za ndani, ilimsaidia kuishi New York. Huko, katika chuo cha Juilliard, alifundishwa na Florence Page Kimball, aliyebaki mshauri wake kwa miaka mingi.

Kuanzia 1952 alizunguka Marekani na Ulaya akiimba Bess katika Porgy and Bess ya Gershwin. Januari 1955 NBC ilimpa Tosca kwenye televisheni, na baadhi ya vituo vya Kusini vikakataa kuirusha. Ilipofika 1957 alikuwa San Francisco. Soprano mwingine aliyepangiwa Aida akalazwa kwa upasuaji, na Price akaiimba badala yake. Mwaka uliofuata kondakta Herbert von Karajan akamfungulia milango ya Vienna, na mwaka 1960 akaiimba Aida hiyo hiyo La Scala, Milano, mbele ya Waitaliano wanaomjua Verdi, mtunzi wake, kwa moyo na wasiosita kumzomea mwimbaji anayewaudhi. Walimshangilia.

Tutue kidogo kwenye Aida, kwa sababu historia yake inaigusa pwani yetu. Verdi aliitunga kwa agizo la Khedive Ismail wa Misri, na ilichezwa kwanza Kairo tarehe 24 Desemba 1871. Ni Kairo ile ile ambako, kwa masimulizi ya Unguja, Seyyid Barghash aliitoa taarab miaka hiyo hiyo. Na mwaka 1875 Ismail huyo alituma meli za kivita chini ya McKillop Pasha zikaiteka Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Barghash, hadi shinikizo la Waingereza lilipomfanya awaondoe askari wake. Mwaka huo huo jeshi lake jingine liliingia Ethiopia, likapigwa Gundet, na mwaka uliofuata likapigwa tena Gura na majeshi ya Mfalme Yohannes IV. Jukwaani Misri huishinda Habeshi kila usiku opera hii inapochezwa. Vitani ilikuwa kinyume. Aida haikuwa ngano ya mbali, ilikuwa ndoto ya mtawala aliyetaka milki mpaka kwetu.

Huyo binti wa Kihabeshi, kwa miongo mingi, aliimbwa na wanawake wa Kizungu waliojipaka rangi. Price alipomchukua alisema kwamba ngozi yake ndiyo iliyokuwa vazi lake. Ndiyo maana Aida ikawa yake kuliko ya mwingine yeyote, na ndiyo maana pia alilazimika kuwa mwangalifu: watu wangeweza kumfungia humo, wakaona kwamba mwanamke Mweusi anafaa kuwa mateka wa Kiafrika na si zaidi.

Basi Met aliingia tarehe 27 Januari 1961 kama Leonora wa Il trovatore, mwanamke wa jumba la kifalme la Hispania. Mwimbaji mwenzake, Franco Corelli, naye alikuwa akianza hapo usiku huo huo. Makofi ya mwisho yaliripotiwa kudumu dakika 42. Hakuwa Mweusi wa kwanza hapo. Marian Anderson alikuwa ametangulia mwaka 1955, umri wake ukiwa umeshakwenda, kisha wakaja Robert McFerrin na Mattiwilda Dobbs. Tofauti ni kwamba Price alikuja sauti ikiwa imekomaa, akakaa. Oktoba mwaka huo alikuwa mwimbaji Mweusi wa kwanza kupewa heshima ya kufungua msimu, katika La fanciulla del West ya Puccini. Kazi nyingi zilimchosha. Katika onyesho lililofuata la opera hiyo sauti ilimkauka katikati, akamalizia sehemu yake kwa kutamka maneno badala ya kuyaimba, na Dorothy Kirsten akaingia kumpokea.

Jumba jipya la Met lilipofunguliwa Lincoln Center tarehe 16 Septemba 1966, Samuel Barber alikuwa amemtungia opera kutoka Antony and Cleopatra ya Shakespeare, mwendelezo wa habari za Kirumi ambazo Mwalimu Nyerere alitupa katika Juliasi Kaizari. Mwongozaji, Franco Zeffirelli, alijaza jukwaa mavazi mazito na mitambo isiyofanya kazi, hata Price akakwama ndani ya piramidi. Wahakiki waliiponda opera. Yeye waliisifu sauti yake.

Aliagana na jukwaa la opera tarehe 3 Januari 1985, kwa Aida, akiwa na karibu miaka 58. Onyesho lilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni na picha zake zipo. Tazama tendo la tatu, ukingoni mwa Nile, Aida anapoililia nchi ambayo hataiona tena. Hakuna kipaza sauti. Okestra nzima iko mbele yake, na noti ya do ya juu inamsubiri mahali ambapo pumzi imeshatumika. Anaifikia bila papara. Wimbo unapokwisha ukumbi unalipuka kwa dakika kadhaa. Price anabaki amesimama, mwili wa Aida haumtoki, lakini midomo inaanza kutetemeka, anaikaza, na macho yanajaa. Kufikia usiku huo alikuwa ameiimbia Met mara 201.

Mwaka 1990 aliiandika hadithi ya Aida upya kwa ajili ya watoto. Kuagana na opera hakukuwa kumemtoa kwenye kuimba: matamasha aliendelea nayo hadi 1997, na tarehe 30 Septemba 2001, akiwa na miaka 74, alitoka tena Carnegie Hall kuwaimbia waliofiwa katika mashambulizi ya Septemba 11.

Msomaji ambaye hajazoea opera asianze na onyesho zima. Aanze na rekodi ya Krismasi aliyoifanya Vienna mwaka 1961 chini ya Karajan, kwa sababu humo mna nyimbo ambazo makanisa yetu huziimba kwa Kiswahili, na sikio litaweza kupima anachokifanya. Baadaye ahamie Tosca ya 1962, Karajan tena, kisha ndipo aifikie Aida aliyoirekodi Roma na Georg Solti, Jon Vickers akiwa Radamès.